Maswali ya Wasomaji: Fezi Igeuzwe Hatua Gani ya Transmita?

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: modulesheni ya fezi, yaani kupakia sauti kwenye wimbi la redio kwa kuisogeza fezi (pembe) yake mbele na nyuma, na hasa mahali pa kuiweka ndani ya transmita. Tumezipanga hivi kwamba jibu la kwanza linabeba yanayofuata, kwa hiyo hata kama swali lako liko chini, tafadhali anzia juu. Hesabu ni za transmita ya kristali ya MHz 145, isipokuwa pale tutakaposema vingine. Majaribio yote yafanyike kwenye mzigo bandia wa omu 50, yaani rezista inayokaa mahali pa antena. Antena isubiri leseni: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, UCC kwa Uganda.

Fundi redio, Morogoro: *Wahariri, habari za kazi. Natengeneza transmita ya redio ya ridhaa. Kristali ni ya MHz 12.083, nazidisha mara tatu, kisha mara mbili, kisha mara mbili tena, nafika MHz 145. Mwenzangu anasema moduleta ya fezi ikae hatua ya mwisho, karibu na antena, ili hatua za katikati zisiharibu sauti. Michoro mingi niliyoiona inaiweka mara tu baada ya kristali. Nani yuko sahihi?*

Michoro ndiyo iliyo sahihi, ndugu yetu, na hoja ya mwenzako inaanguka kwa hesabu fupi.

Hatua inayozidisha masafa huzidisha pia mgeuko wa fezi, kwa kiasi kilekile. Ukigeuza fezi digrii 2 kwenye MHz 12, baada ya kuzidisha mara 12 utapata digrii 24. Sasa angalia unahitaji kiasi gani mwishoni. Mkengeuko wa masafa (umbali ambao wimbi husogea kutoka masafa yake ya katikati) wa kHz 5 kwa sauti ya Hz 1000 ni mgeuko wa fezi wa radiani 5, kwa sababu mgeuko ni mkengeuko ukigawanywa kwa masafa ya sauti. Radiani 5 ni digrii 286. Ukiweka moduleta kwenye MHz 145, lazima ikupe digrii zote hizo yenyewe. Kwenye MHz 72.5 inatakiwa itoe digrii 143. Kwenye MHz 36.25, digrii 72. Kwenye kristali, digrii 24 tu, yaani radiani 0.417.

Saketi moja ya koili na kapasita, hata uifanyeje, haiwezi kugeuza fezi zaidi ya digrii 90 kila upande, na kabla haijafika huko imekwisha kuipinda sauti. Tanjenti ndiyo inayotawala hapa. Mgeuko wa takriban radiani 0.47 unaleta hamoniki ya tatu (sauti ya ziada yenye masafa mara tatu) ya asilimia 1.9, ukifika radiani 0.83 hamoniki hiyo inakuwa asilimia 5.7. Kwa radiani 0.417 unayoihitaji, ni asilimia 1.5 hivi, na kwa maongezi hakuna atakayeisikia. Kwa hiyo kwenye kristali saketi moja inatosha. Kwenye MHz 36 ungehitaji mbili au tatu zilizofuatana. Kwenye hatua ya mwisho, kazi hiyo haifai kabisa.

Kuna sababu ya pili. Fezi inapogeuka kwa njia hii, nguvu ya wimbi nayo hupanda na kushuka kidogo: kwa digrii 24 inapungua desibeli 0.8. Moduleta ikiwa mwanzoni, hatua za kuzidisha zinazofanya kazi kwa daraja C (hupitisha umeme kwenye vilele vya wimbi tu) zinakata tofauti hiyo na kuisawazisha. Ikiwa mwishoni, tofauti inakwenda moja kwa moja hewani. Tena varikapi (dayodi inayotumika kama kapasita inayobadilishwa kwa volti) ya hatua ya mwisho inapigwa na volti kubwa za redio, inaanza kufanya kazi kama dayodi ya kawaida, na mpangilio wote unahama.

Vipimo vya kuanzia ni hivi. Baada ya osileta weka hatua moja ya kutenganisha, transista ndogo ya FET inatosha, ili moduleta isiivute kristali. Saketi ya moduleta iwe na jumla ya pF 100, varikapi ikiwemo, na koili ya takriban µH 1.7, pamoja na kapasita ya kurekebisha ya pF 5 hadi 30. Sambamba na koili weka rezista ya kΩ 2.2. Koili yenye Q (kipimo cha ukali wa kuchagua masafa) ya 100 ikibanwa na rezista hiyo, Q ya saketi inashuka hadi kama 14, na hapo varikapi inatakiwa kubadilika pF 3 tu juu na chini ili upate mgeuko wako. Ipe varikapi volti 4 za kudumu kupitia rezista ya kΩ 100, na hakikisha kilele cha wimbi la redio juu yake hakizidi volti 1.

Kosa linaloonekana sana kwenye ujenzi huu ni kuiunganisha FET na saketi kwa kapasita kubwa, tuseme nF 1, wakati kule inakotoka kuna rezista ndogo. Rezista ile inaila Q yote, varikapi inacheza bure, na fundi anaanza kuongeza sauti ya maiki hadi inakoroma. Unganisha kwa pF 2.2 hadi 4.7, au toa moja kwa moja kwenye dreni ya FET.

Lipo la kulipia. Kuzidisha mara 12 kunazidisha na kelele za fezi za osileta kwa desibeli 21.6. Kristali yenye afya inalimudu hilo. Osileta ya koili isingelimudu.

Fundi wa redio za boti, Mombasa: *Wazee wangu, salamu. Transmita yangu ya kristali yenye moduleta ya fezi inasikika kali, nyembamba, kama mtu anaongea kupitia bati. Herufi za "s" na "sh" zinaruka hadi chaneli ya pili. Sauti nzito haipo kabisa. Nikipunguza sauti ya maiki, mtu hasikiki. Nifanyeje?*

Mtambo wako unafanya kile hasa kinachofanywa na modulesheni ya fezi ikiachwa bila kulelewa. Volti ileile ya sauti inaleta mgeuko uleule wa fezi, lakini mkengeuko wa masafa ni mgeuko huo ukizidishwa kwa masafa ya sauti. Sauti ya Hz 3000 inapata mkengeuko mara kumi ya sauti ya Hz 300. Ni mpando wa desibeli 6 kwa kila oktavu.

Mpando huo si adui. Redio za meli za VHF zimekubaliwa kimataifa kwa alama ya G3E, na G maana yake ni modulesheni ya fezi: mkengeuko usizidi kHz 5, sauti ikomee kHz 3, na sauti nyembamba zikuzwe kwa desibeli 6 kwa oktavu. Redio inayopokea inazishusha kwa kiasi hichohicho, na kelele za hewani zinashuka pamoja nazo. Kwa hiyo ikiwa rafiki yako anakusikia vibaya kwa redio ya matangazo ya FM au kwa redio isiyo na ushushaji huo wa desibeli 6, basi kosa liko kwake. Lakini "s" zinazoruka chaneli ya pili ni kosa lako, na dawa yake ni mpangilio wa saketi za sauti.

Fuata mstari huu: maiki, kikuza sauti, saketi ya kukuza sauti nyembamba, kikata vilele cha dayodi mbili zilizogeuziana, kisha rezista ya kΩ 10 na kapasita ya nF 100 kwenda ethi, kisha kichujio kinachozuia juu ya kHz 3, halafu moduleta. Ile RC ya katikati, yaani rezista na kapasita hizo, ndiyo unayoikosa. Inaanza kushusha kutoka Hz 159, kwa Hz 1000 inashusha desibeli 16, kwa Hz 3000 desibeli 25.5. Mteremko wake unafuta mpando wa moduleta, na kwa hiyo kila kilichokatwa na dayodi hakiwezi kuzidi mkengeuko uliouweka, kiwe kinono au chembamba. Sauti nyembamba bado zinabaki zimekuzwa, kwa sababu ulizikuza kabla ya kukata.

Mpangilio huu usiuvuruge. RC ikikaa kabla ya dayodi, dayodi zinakata sauti nzito peke yake na "s" inapita bila kuguswa. Kichujio cha kHz 3 kikikaa kabla ya dayodi, makapi ya ukataji yanaingia kwenye moduleta bila kizuizi, nayo moduleta inayapenda sana masafa ya juu. Huko ndiko kurukia chaneli ya pili kunakotokea mara nyingi.

Kwa kuwa RC inameza desibeli 16, ongeza hatua moja ya kukuza baada yake. Usijaribu kufidia kwenye maiki.

Mwanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano, Dodoma: *Shikamooni. Tumefundishwa transmita ya Armstrong: osileta ya kHz 200, kuzidisha mara 64, kuchanganya na MHz 10.9, kisha kuzidisha mara 48 hadi MHz 91.2. Mbona asizidishe tu kHz 200 mara 456? Si ndiyo MHz 91.2 moja kwa moja?*

Marahaba. Swali zuri, na ukilielewa hili umeelewa nusu ya somo.

Zidisha mara 456 uone. Moduleta ya Edwin Armstrong inatoa mgeuko mdogo, tuseme radiani 0.5 kwa sauti ya chini kabisa ya Hz 50, yaani mkengeuko wa Hz 25. Mara 456 ni kHz 11.4. Redio ya matangazo inataka kHz 75. Unahitaji kuzidisha mara 3000 hivi, na kHz 200 mara 3000 ni MHz 600, mbali kabisa na bendi ya FM.

Basi ndipo kichanganyi kinapoingia. Kuzidisha kunaongeza masafa na mkengeuko pamoja. Kuchanganya kunahamisha masafa na kuuacha mkengeuko ulivyo. Fuata hatua: kHz 200 na Hz 25, mara 64, ni MHz 12.8 na kHz 1.6. Ondoa MHz 10.9, unabaki na MHz 1.9, na mkengeuko ni uleule wa kHz 1.6. Mara 48, ni MHz 91.2 na kHz 76.8. Umezidi kidogo, shusha sauti hadi mkengeuko wa mwanzo uwe Hz 24.4, utapata kHz 75 kamili. Mara 64 ni hatua sita za kuzidisha mara mbili. Mara 48 ni nne za mara mbili na moja ya mara tatu.

Mwalimu akikuuliza kwa nini kichanganyi kiko katikati, mwambie hivi. Kwenye MHz 12.8 jumla inatoka MHz 23.7 na tofauti MHz 1.9, kwa hiyo kichujio cha kawaida kinazitenganisha bila taabu. Akikuuliza udhaifu wa mpango, mtajie kuzidishwa kwa makosa: osileta ya kHz 200 ikihama Hz 1, mwishoni umehama Hz 3072, ile ya MHz 10.9 ikihama Hz 100, umehama kHz 4.8. Na kelele za fezi za moduleta zimepanda kwa karibu desibeli 70. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya transmita hii ilitakiwa iwe tulivu kupita hatua nyingine zote.

Mwendesha kituo cha kurudisha mawasiliano, Arusha: *Kituo chetu kinafunguka kwa toni ya Hz 88.5. Transmita za kisasa zinakifungua. Ya kwangu ya kristali, yenye moduleta ya fezi na kuzidisha mara 12, haikifungui, na nikiongeza toni, sauti yangu inavunjika. Toni nimeiingiza pamoja na maiki.*

Toni nzito kiasi hicho haina nafasi kwenye moduleta ya fezi. Ichukue kwa kHz 0.6 ya mkengeuko, kiasi cha kawaida kwa toni hizi. Hz 600 gawanya kwa 88.5, ni radiani 6.8 kwenye antena. Gawanya kwa 12, ni radiani 0.565 kwenye moduleta, digrii 32. Toni peke yake imekula zaidi ya nafasi tuliyoitengea sauti yote. Weka maongezi juu yake, moduleta inakaribia digrii 56 na kila neno linapindwa.

Toni iondoe huko, uipeleke kwenye kristali yenyewe. Weka varikapi mfululizo na kristali, ipe volti za kudumu kupitia kΩ 100, na toni iingie hapo kupitia kΩ 100 nyingine. Hz 600 gawanya kwa 12 ni Hz 50 tu za kuivuta kristali ya MHz 12.083, sehemu 4 hivi kwa milioni. Kristali ya kawaida inavutika hivyo bila kulalamika. Hapo unafanya modulesheni ya masafa ya kweli kwa toni, na ya fezi kwa sauti, kila moja mahali inapofaa. Baada ya kufunga, rekebisha upya masafa ya kristali, maana varikapi imeyasogeza. Na maongezi yakate chini ya Hz 300, yasije yakagombana na toni.

Data ya bodi 9600 (alama 9600 kwa sekunde) nayo inakataa moduleta ya fezi kwa sababu hiyohiyo: ina mawimbi yanayoshuka karibu na Hz sifuri. Ile ya bodi 1200, yenye toni za Hz 1200 na 2200, inapita vizuri. Usishangae tu kuona toni ya juu ina mkengeuko zaidi kwa desibeli 5.3, redio inayopokea inaurudisha.

Mpenzi wa redio za kidijitali, Nairobi: *Nina AD9850, chipu inayozalisha masafa kidijitali, inayotoa MHz 12.083, naipitisha kwenye hatua zangu za mara 12. Ina uwezo wa kugeuza fezi kwa amri. Nimetuma data ya BPSK, digrii 0 na 180. Kwenye MHz 12 naiona kabisa. Kwenye MHz 145 hakuna kitu, ni wimbi tupu. Saketi imekufa?*

Saketi ni nzima. Digrii 180 mara 12 ni digrii 2160, na hiyo ni mizunguko sita kamili. Umerudi palepale ulipoanza, hivyo mpokeaji haoni mabadiliko. Kila kizidishi cha namba shufwa kinaifuta BPSK. Cha mara tatu peke yake kingeiacha, kwani digrii 540 ni sawa na 180.

Ukitaka digrii 180 kwenye antena kupitia mara 12, geuza digrii 15 kwenye chanzo. AD9850 haiwezi: ina biti 5 za fezi, hatua yake ndogo ni digrii 11.25, na mara 12 inakuwa digrii 135. Kwa sababu hiyohiyo haifai kwa sauti kupitia njia hiyo, maana ngazi za digrii 135 si sauti, ni kelele.

Njia iliyonyooka ni kugeuza fezi kwenye MHz 12 na kupandisha kwa kichanganyi badala ya kizidishi. Kichanganyi kinahifadhi fezi kama ilivyo. Jihadhari na jambo moja: ukichukua tofauti huku osileta ya pili ikiwa juu ya wimbi lako, mwelekeo unageuka, na digrii +90 inatoka −90. Kwa BPSK haidhuru. Kwa QPSK, yenye fezi nne, inabadilisha herufi, na utaitafuta hitilafu kwenye programu wakati iko kwenye kichanganyi. Na kama data yako inalainisha nguvu ya wimbi kila inapogeuka, hatua zinazofuata ziwe za mstari, kwani daraja C litaukata ulaini huo na upana wa bendi utavimba.

Fundi, Kampala: *Kwenye PLL (kitanzi cha kufunga fezi) ya MHz 145, niingize sauti wapi: VCO (osileta inayoendeshwa kwa volti), osileta ya rejea, au kwenye kilinganishi cha fezi?*

Chukua rejea ya MHz 12.8, ulinganishi kwa kHz 12.5, na kigawanyi cha 11,600.

Ukiingiza kwenye VCO, kitanzi kinapigana na kila kitu kilicho chini ya upana wake. Kifanye kiwe na upana wa Hz 100 hivi, maongezi ya kuanzia Hz 300 yatapita. Toni ya Hz 88.5 itanyongwa. Ukiingiza kwenye osileta ya rejea, mambo yanageuka: vilivyo chini ya Hz 100 vinapita, vikizidishwa mara 11.3, na maongezi yananyongwa. Kwa hiyo redio nyingi huingiza sehemu zote mbili kwa wakati mmoja, na kuna rezista ya kurekebisha ya kusawazisha viwango. Ipime kwa wimbi la mraba la Hz 100 hivi: likitoka limelala upande mmoja kwenye redio ya kupokelea, endelea kurekebisha.

Kwenye kilinganishi usiende. Huko fezi inazidishwa mara 11,600, desibeli 81. Kelele ndogo kabisa ya kikuza sauti chako inapanda nayo yote.

Fundi, Tanga: *Jirani mwenye redio ya kupokea ndege ananisikia kwenye MHz 132.9 ninapotuma kwenye 145. Nguvu ni wati 10.*

Zima leo hii, ndugu, usitume tena hadi iwe safi. Hiyo ni hamoniki ya 11 ya kristali yako, MHz 145 ukitoa 12.083, na iko ndani ya bendi ya mawasiliano ya ndege. Ile ya 13 iko MHz 157.083, kwenye masafa ya meli. Na kutoka hatua ya MHz 36.25 kuna uwezekano wa MHz 108.75, bendi ya vifaa vya kuongozea ndege. Rubani hana namna ya kujua kwamba mluzi anaousikia unatoka Tanga.

Chanzo ni kwamba kati ya hatua na hatua una koili moja moja. Weka koili mbili zilizofungamana kwa kapasita ndogo, pF 1 hadi 2, kila baada ya kuzidisha, hasa baada ya mara tatu ya kwanza. Tenga hatua kwa bati lililolehemiwa ethi pande zote, na umeme uingie kila chumba kupitia kapasita ya kupenyeza ya nF 1 na shanga ya feriti. Punguza msukumo wa hatua za kwanza hadi ile ya mwisho iwe inajaa tu, isizidishiwe. Kichujio cha mwisho cha kuzuia hamoniki za juu hakitakusaidia hapa, kwa sababu MHz 132.9 iko chini ya 145. Kwa wati 10, takataka hizi zinatakiwa ziwe angalau desibeli 53 chini ya wimbi kuu.

Msomaji, Unguja: *Sina mashine ya kupimia mkengeuko. Ipo njia ya nyumbani?*

Ipo, na ni sahihi kuliko mashine nyingi. Mgeuko wa fezi ukifika radiani 2.405, wimbi kuu la katikati linatoweka na nguvu yote inahamia bendi za pembeni. Kwa mkengeuko wa kHz 5, tumia toni ya Hz 2079. Kwa kHz 2.5, Hz 1040.

Chukua redio inayosikia CW (mosi) au SSB (bendi moja ya pembeni), au kijiti cha SDR (redio ya kompyuta) kinachoonyesha spektra. Unganisha transmita na mzigo bandia, weka redio mbali kidogo. Ingiza toni kwenye mlango wa ile RC ya kΩ 10 na nF 100, ukianzia sifuri. Pandisha polepole ukiangalia mstari wa katikati tu. Mstari utashuka, utashuka, utazama kabisa. Mzamo wa kwanza ndio wako; ukipita hapo mstari unarudi na kuzama tena kwenye radiani 5.52, na anayeharakisha hukamata huo wa pili na kuweka mkengeuko zaidi ya mara mbili.

Kipimo hiki kifanye kwenye masafa ya mwisho. Kwenye MHz 12 mgeuko ni radiani 0.2 tu, na utaona wimbi kuu limesimama imara huku bendi za pembeni ziko desibeli 20 chini yake. Hilo lenyewe ni jaribio zuri: ukiona desibeli 20 kwenye kristali na mzamo kwenye MHz 145, hatua zako kweli zinazidisha mara 12. Ukiona mzamo haupo, kagua masafa ya kila hatua.

Ukiwa hapohapo kwenye mzamo, hamisha toni iingie moja kwa moja kwenye moduleta, ukiiruka RC, na urudishe kiwango hadi mzamo utokee tena. Sasa badilisha masafa ya toni bila kugusa kiwango. Wimbi kuu likiendelea kuzama kwa Hz 1000, 1500 na 2500 vilevile, moduleta yako inageuza fezi kama inavyotakiwa. Likiibuka, huenda kuna kapasita inayomeza sauti nyembamba njiani. Anza kutafuta kwenye ile iliyoko kati ya varikapi na ethi.

Kisha ondoa kifaa cha toni, washa maiki, paza sauti kwa nguvu karibu yake, na uhakikishe spektra haitoki nje ya kHz 16, ambao ndio upana wa mkengeuko wa kHz 5 na sauti ya kHz 3. Kwa kHz 2.5, upana ni kHz 11.